Marahaba Isiyokuwa Yangu

Mimi ni mtu wa maneno mengi, nakiri mapema. Marehemu mama alikuwa akisema mdomo wangu haujui Jumapili. Kwa hiyo kazi ya kuhudumia wazee ilinifaa, maana mzee anataka mtu wa kuongea naye kuliko anavyotaka kidonge. Nimeifanya miaka kumi na mmoja, katika makao ya wazee yaliyo nje kidogo ya mji wa Sumbawanga. Kila asubuhi natoka kwangu Milanzi kwa miguu, sweta mbili juu ya sare, kwa sababu baridi ya Ufipa haina adabu. Watu wakisikia kazi yangu ni kuogesha wazee na kubadilisha mashuka yao, wanakunja uso. Kunjeni tu. Na ninyi mtaogeshwa.

Ninayetaka kumwelezea hapa ni mzee mmoja, na kosa langu kwake. Tulimwita Mwalimu. Alifundisha shule za msingi zaidi ya miaka thelathini, mingi kati ya hiyo katika vijiji vya upande wa Mwimbi, akastaafu, akafiwa na mke. Watoto wake walikuwa mbali, na kila mmoja alitaka kumchukua. Akakataa. "Sitaki kuzungushwa kama gunia la mahindi linalotafuta soko," aliniambia. Alikuja kwetu kwa miguu yake mwenyewe, koti, tai, begi moja mkononi, na alipofika getini hakuingia mpaka alipokaribishwa.

Siku ile ile alianza kutukosoa. Jikoni kulikuwa na ubao wa kuandikia chakula cha siku, na mpishi wetu alikuwa ameandika "ugali na mahalage." Mwalimu akaomba chaki, akaifuta ile l, akaweka r, akamrudishia mpishi chaki yake kwa mikono miwili. Mpishi alinuna wiki nzima. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta, naye akanigeukia: "Na wewe binti, unacheka kama mtu aliyemaliza kazi zake." Binti! Mimi mwenye wajukuu wawili. Lakini hakuna aliyekuwa ameniita hivyo tangu baba yangu afariki, na nikapenda.

Kila asubuhi nilimwamkia, naye aliitikia kwa namna yake. Marahaba ya Mwalimu haikuwa ya kukurupuka. Alivaa kwanza miwani, akakutazama, ndipo akaitoa yote, haikosi hata silabi moja, halafu akauliza umelalaje. Siku hizi watu wanaitikia huku wanachezea simu. Yake ilikufanya ujione kwamba nawe ni mtu uliyelelewa.

Mwisho wa mwezi tulijaza fomu ya kila mzee. Anakula mwenyewe? Anaoga mwenyewe? Anavaa? Anakwenda chooni bila kusaidiwa? Anajua leo ni siku gani, anawatambua watu? Kila swali lina alama, sifuri mpaka mbili. Wazee wengine hawakujali tunaandika nini, lakini Mwalimu alitaka kuona. "Umenipa ngapi?" anauliza, na kalamu nyekundu iko tayari mfukoni, maana akishaziona alama zake anasahihisha na Kiswahili changu. Mwaka wa kwanza alipata zote. Mwaka wa pili vifungo vya shati vikaanza kumshinda. Nikampa moja kwenye kuvaa, akang'aka.

"Nimevaa, sikuvaa?"

"Umevaa, Mwalimu, lakini vifungo nimekufunga mimi."

Akatazama vidole vyake. "Basi moja. Ni haki," akasema.

Baada ya vifungo yakafuata magoti. Kuinuka kwenye benchi kukawa safari ya mara mbili, anajaribu, anakaa, anajaribu tena, na ole wako umshike mkono kabla hajaomba. Halafu majina. Mimi nimeona wengi wakipita njia hiyo, na nimegundua kwamba mambo yanaondoka kwa kurudi nyuma. Alichojifunza mtu mwisho ndicho kinachomtoka kwanza. Kiswahili cha shuleni na ofisini kinaondoka, Kifipa cha mama kinabaki. Kusoma kunaondoka, kushika kijiko kunabaki. Mwishoni kabisa kunabaki kumeza tu, na siku hicho nacho kikienda, unaanza kutafuta namba za ndugu.

Wakati huo tulikuwa na bibi mmoja kutoka Mwazye, mkulima wa ulezi maisha yake yote, viganja vigumu kama mpini wa jembe. Yule bibi alianza kutuamkia sisi. Alikuwa anapiga magoti kwenye korido, anagonganisha viganja polepole kama watu wa zamani wa huku kwetu wanavyomheshimu mkubwa, anasema, "Shikamoo, mama." Anamwambia nani? Msichana wa usafi wa miaka ishirini. Wasichana wakawa wanavunjika mbavu. "Marahaba, mjukuu wangu! Hujambo? Shuleni unakwenda?" Bibi anaitikia kwa kichwa kwamba anakwenda, na sisi wote tunacheka. Sijitoi. Na mimi nilicheka, tena nadhani nilicheka kuwashinda.

Mwalimu alikuwa kwenye benchi la juani. Hakucheka. Mchana aliniita chumbani kwake, akaniambia nifunge mlango.

"Yule mama ana umri gani?"

"Anakaribia tisini, Mwalimu."

"Amezaa?"

"Watoto saba."

"Na leo amempigia magoti mtoto wa mtoto wake, na mtoto ameitikia."

Nikamwambia bibi wa watu hajui, mbona anafurahi tu, hakuna ubaya.

"Yeye hajui," akasema. "Ninyi mnajua."

Jamani, kuna maneno yanakukalisha hata kama umesimama. Nikakaa kwenye kitanda chake bila kukaribishwa. Akaendelea kwa sauti ya chini, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona anaogopa. Alisema jana alisimama mlangoni mwa choo na hakukumbuka amefuata nini. Alisema wanafunzi wake, ambao alikuwa anaweza kuwataja darasa kwa darasa, wanamtoroka mmoja mmoja. Nikataka kumtuliza, akainua kidole.

"Usinikatize. Na mimi nitafika alipofika yule mama. Mengine yote mtafanya, mtanivua, mtaniogesha, sina la kusema. Lakini siku nikikuamkia wewe, binti, usiitikie. Niambie mimi ndiye mkubwa. Nisahihishe."

"Haki ya Mungu, Mwalimu, sitaitikia."

Ahadi ni deni, wanasema, na mimi nina mdomo unaotia sahihi kabla ya kusoma. Lakini siku ile niliahidi kwa moyo wote. Nikatoka nikawagombeza wale wasichana mpaka wakashangaa, yule aliyekuwa anacheka nao asubuhi ndiye huyu huyu? Bibi wa Mwazye alifariki kabla ya Krismasi, na hakuna aliyemcheka tena.

Mwaka wa tatu, katikati ya masika, Mwalimu aliugua nimonia. Alilazwa hospitali siku kumi. Kifua kilipona. Aliporudi alikuwa anatembea kwa kushikilia vitu, ukuta, meza, kitanda, na alikuwa mpole mno. Mpishi aliandika ubaoni upuuzi wake, Mwalimu akapita mbele ya ubao bila kuutazama. Ndipo nilipoanza kuogopa.

Asubuhi ya tatu tangu arudi, niliingia na maji ya kuoga nikamwamkia kama kawaida. Alitupa blanketi. Akashika chuma cha kitanda, akajivuta, akasimama wima, mikono imenyooka ubavuni, kifua mbele.

"Shikamoo, mwalimu!"

Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu. Alikuwa darasani, mtoto wa shule, na mwalimu wake ameingia. Nani asiyejua? Mwalimu akiingia mnasimama, mnaamkia, na hakuna wa kukaa mpaka aitikie na aseme kaeni.

"Hapana, Mwalimu," nikamwambia. "Wewe ndiye mkubwa. Mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo."

Alinitazama kwa hofu ya mtoto aliyekosea na hajui amekosea nini. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi. "Shikamoo, mwalimu!" Magoti yakaanza kutikisika. Nikamshika mabega nimkalishe, akakaza mwili, ananiambia hajaambiwa akae. Mzee aliyeshindwa kufunga kifungo, lakini kukaa bila ruhusa hakubali! Nilimsubiri mpaka nguvu zilipomwishia, nikamshusha polepole.

Siku nne tulikwenda hivyo. Kila nilipoingia alisimama, na kila aliposimama nilimsahihisha. Niliwakataza wenzangu wasiitikie. Yule msichana wa usafi aliponiuliza kwa nini tunamtesa mzee wa watu, nikamjibu vibaya, nikamwambia afagie na aniachie mambo ya watu wazima. Mimi nilikuwa na ahadi. Niliona wenzangu wote hawana utu isipokuwa mimi.

Siku ya tano nilikuwa nimebeba beseni, mikono yote miwili. Aliamkia mara ya kwanza, nikamsahihisha. Akaamkia mara ya pili, nikamsahihisha. Mara ya tatu aliamkia huku machozi yanamtoka, na kabla sijaweka beseni chini magoti yakaachia. Alipigiza kipaji cha uso kwenye kona ya meza. Yesu na Maria, ile damu! Alishonwa nyuzi tano, na muda wote anashonwa alikuwa ananiomba msamaha mimi.

Mama msimamizi aliniita ofisini. Si mtu mkali, ni mtu wa sauti ndogo, ndiyo maana tunamwogopa. Akauliza kwa nini mzee aliachwa amesimama muda wote huo. Nikamweleza ahadi yangu tangu mwanzo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Uliyemwahidi hayupo," akasema. "Aliyepo amepasuka kichwa."

Kesho yake niliingia, naye akasimama na bandeji lake kichwani.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba," nikasema. "Kaa."

Akakaa. Akatabasamu, jamani, uso wote ukafunguka, mtoto ambaye mwalimu wake hatimaye amemkubali. Nikatoka nikaenda nyuma kwenye kamba za nguo, nikalia ndani ya shuka bichi.

Wiki ya kwanza lile neno liliniunguza kila nilipolitamka. Wiki ya pili likapungua makali. Mazoea hujenga tabia, na mimi sikuchukua muda. Kufika mwezi wa tano nilikuwa naingia natania. "Hujambo, mtoto mzuri? Kazi ya nyumbani umefanya?" Nikawa nampa na hesabu. Saba mara nane? Hamsini na sita, anajibu kabla sijafunga mdomo, na mimi nampigia makofi. Ilikuwa inatuchangamsha wote wawili. Halafu siku moja nilimuuliza saba mara nane akatazama vidole vyake, akavikunja, akavikunjua, na tukaacha hesabu.

Niseme na hili, maana nimeanza. Nilikuja kupenda. Mimi niliishia darasa la saba, na hapa kuna mtu anasimama wima nikiingia, ananiita mwalimu. Nilianza kuingia chumba kile kwa mwendo wa namna fulani. Fomu ya mwisho wa mwezi nilimwandikia sifuri mfululizo, na hakuna aliyeniuliza, "Umenipa ngapi?" Na kumwamkia niliacha. Siku niliyoacha siijui. Ningeijua ingeniuma kidogo kidogo, lakini iliondoka tu, kama mtu anavyosahau kuvaa pete.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa saba. Baridi ilikuwa ile ya kuziba vidole. Niliingia na kikombe cha uji wa ulezi nikamkuta kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini. Hakusimama. Sikumtazama vizuri, nilikuwa na haraka ya mashuka. Nikaweka uji mezani, nikampa mgongo, nikaanza kuvua foronya.

"Ehee, leo hatusimami?" nikasema. "Mtoto gani huyu asiye na adabu? Hujambo?"

Nyuma yangu nikasikia:

"Marahaba."

Mnajua mkubwa anavyolitamka neno lile kwa mtoto aliyempita njiani bila kumwamkia. Hakupigi, hakutukani. Anaitikia salamu ambayo hukuitoa, na wewe unatamani ardhi ipasuke. Niligeuka. Alikuwa amevaa miwani. Alikuwa ananitazama, na aliyenitazama alikuwa yeye.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema, foronya mkononi.

Hakuitikia. "Unaniita mtoto tangu lini?"

"Ni utani tu, Mwalimu."

"Binti."

Hilo moja tu. Sikuwa nimelisikia tangu masika. Nikaweka foronya chini nikamweleza kwamba siku hizi yeye ndiye anayeniamkia.

"Nakuamkia?" akauliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mara nyingi?"

"Kila nikiingia."

"Na wewe unaitikia."

"Naitikia."

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana, Mwalimu. Nilikukatalia siku nne. Ukawa hukai. Unasimama unangoja uitikiwe, na miguu haikubebi, mpaka ukaanguka."

Akapeleka mkono kwenye kipaji cha uso. Akaligusa lile kovu, akalifuata kwa kidole kuanzia mwanzo mpaka mwisho wake, na nikaona kwamba hakuwa anajua kama analo. Nikapiga magoti pale pale sakafuni, nikamwomba anisamehe. Nilimwambia kuitikia nililazimika, lakini utani ni wangu, hakuna aliyenituma. Sitasema alinisamehe, kwa sababu hakusema.

Aliuliza huu ni mwezi gani. Nikamwambia Julai. Akatazama dirishani muda mrefu, midomo inacheza, na nikajua anahesabu miezi. Alipomaliza akanigeukia.

"Basi uwe unaitikia upesi," akasema. "Magoti haya hayawezi kungoja."

Akanyoosha koti lake kifuani.

"Lakini sasa hivi niamkie."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Yote, kama zamani. Halafu akasema, "Tena."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Tena."

Sijui tulirudia mara ngapi. Machozi yalikuwa yanamshuka chini ya miwani na sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Mwishoni akachukua kikombe mwenyewe kwa mikono miwili. Uji ukamwagika kwenye koti. Nilinyoosha kitambaa, akanitazama, nikakirudisha. Akanywa mpaka ukaisha, na uliomwagika ukakauka pale pale kifuani.

Nilikimbia ofisini tukampigia simu binti yake, aje hewani azungumze na baba yake wakati yupo. Simu iliita, iliita, ikakatika. Alikuwa kazini. Nikasema nitajaribu tena baada ya kugawa chakula.

Saa saba mchana nilisukuma mlango na sahani ya ugali na samaki mgebuka. Alikuwa ameshaanza kuinuka. Mkono mmoja umeshika kitanda, mwingine anaunyoosha ubavuni, miguu inatetemeka ndani ya suruali, macho yameniganda mimi.

"Shikamoo, mwa..."

Nikaitikia kabla hajamaliza.